Kabla ya Bisibisi: Maneno kwa Wenye Laptopu za Zamani, Mikindani

Wazee wangu, shikamooni. Walimu, poleni na kazi. Wadogo zangu mliosimama mlangoni mmekumbatia mabegi ya laptopu, ingieni, viti vipo huku mbele na upepo wa bahari unafika.

Nawashukuru waandaaji kwa kunipa Jumamosi hii hapa Mikindani. Nimeombwa nijibu swali ambalo huletwa mezani kwangu karibu kila wiki: mtu ambaye hajawahi kufungua laptopu, anaweza kubadili prosesa yake, yaani ile chipu inayofanya hesabu zote za laptopu, kwa mkono wake mwenyewe? Nasema anaweza, ikiwa laptopu yake ni ya aina inayokubali, na ikiwa ana subira ya kusoma kabla ya kushika bisibisi. Nimeona laptopu nyingi zilizofia mikononi mwa wanaoanza. Chache zilikufa kwa sababu mkono ulikuwa mzito. Nyingi zilikufa, au zilikula fedha bure, kwa sababu mwenyewe alinunua kwanza akauliza baadaye.

Nami nilinunua kwanza. Mwaka 2013 nilikuwa na laptopu ya bei nafuu iliyokuja na prosesa ya Celeron, ya daraja la chini, na mama yangu, Tandahimba, alikuwa amenipa sehemu ya fedha ya korosho zake niongezee mtaji. Nikaagiza prosesa ya i5, yenye nguvu zaidi, kutoka Kariakoo, ikaja na basi, imefungwa kwenye boksi la dawa. Nilikuwa nimepima soketi, yaani kile kikalio ambamo prosesa huingia: ni ile ile. Nikaweka, ikaingia vizuri, laptopu ikawaka, jina la i5 likatokea kwenye kioo. Nilimpigia mama simu usiku ule ule.

Haikumaliza saa. Ikazima ghafla, bila onyo. Nikaiwasha, ikafanya kazi vizuri, ikazima tena. Nikasema ni joto. Nikasafisha, nikapaka pesti mpya ya kupitishia joto. Ikazima. Nikasema ni chaja, nikaazima chaja. Ikazima. Nikasema betri. Wiki mbili nilikuwa nalala nayo kichwani. Siku moja nikaamua kukaa na saa, daftari mkononi, naandika tu. Dakika 30. Nikaiwasha, sikuigusa, niliiacha imekaa. Dakika 30. Nikaipa kazi nzito. Dakika 30. Hapo nikaelewa kwamba haikuwa joto, maana joto halina saa. Kitu kinachozima kwa dakika zile zile kila mara kimeamriwa kuzima.

Nikaenda kusoma, na jibu lilikuwepo siku zote. Mazabodi ile, yaani bodi kuu ya laptopu, ilikuwa na chipu iitwayo HM70, ambayo imekusudiwa Celeron na Pentium tu. Ukiipa i3, i5 au i7, inawaka, inakuachia nusu saa, kisha inakata. Prosesa yangu ilikuwa nzima. Laptopu yangu ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni jioni moja ya kusoma kabla ya kutuma fedha. Niliiuza ile i5 kwa hasara, na korosho za mama zikaenda hivyo.

Ndiyo maana leo nitakaa sana kwenye mambo ya kabla ya bisibisi. Mtaniwia radhi mliokuja kuona vitu vikifunguliwa. Tutafungua, lakini baadaye.

Jambo la kwanza kabisa: una hakika kwamba tatizo ni prosesa? Laptopu ikiwa nzito watu husema "prosesa imechoka". Prosesa haichoki kama ng'ombe. Ikiwa haijaungua, leo inahesabu kwa kasi ile ile iliyokuwa nayo siku ilipotoka kiwandani, mradi ipozwe na ipate umeme wa kutosha. Kinachobadilika ni vilivyoizunguka, na programu zinazozidi kunenepa.

Kwa hiyo fanya hivi. Washa laptopu, fungua kazi zako za kila siku, zile zile zinazokukera. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kama ni Windows itafunguka Task Manager, na humo utaona asilimia tatu za kutazama: CPU, yaani prosesa, Memory, yaani RAM, kumbukumbu ya muda ya kazi ulizofungua, na Disk, yaani disiki inayohifadhi mafaili yako. Usizitazame kwa sekunde mbili. Zitazame wakati laptopu inapokwama, pale pale unapotaka kuipiga ngumi.

Kuna karani wa chama cha msingi alinijia kipindi cha minada, machozi yako karibu. Wakulima wamepanga foleni, magunia yamepimwa, na yeye kila akihifadhi jedwali lake kompyuta inasimama dakika nzima. Alitaka i7. Tukafungua hiyo Task Manager pamoja. Disk ilikuwa asilimia 100, imeganda hapo. Prosesa ilikuwa 12. Nikamwambia, mama, prosesa yako iko barazani imekaa, inasubiri disiki imletee kazi. Ukiweka i7, utakuwa umeongeza mtu mwenye nguvu zaidi wa kukaa barazani.

Disiki ya kizamani ina sahani inayozunguka, nyingi za laptopu mizunguko 5,400 kwa dakika, na kuna kimkono kinachohangaika kwenda na kurudi kutafuta data. Ikisoma vizuri inatoa kama megabaiti 100 kwa sekunde, na ikisoma vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika inashuka vibaya sana. SSD, yaani disiki ya kisasa ya chipu, haina kinachozunguka, na ile ya kawaida, iitwayo SATA, inafika karibu megabaiti 500 kwa sekunde. Tukambadilishia disiki ikawa SSD, tukamwongezea RAM kutoka giga 4 hadi 8. Prosesa hatukuigusa. Aliondoka na i3 yake ile ile, na hajarudi kulalamika.

Nasema haya mbele ya mafundi wenzangu waliopo humu, na nayasema kwa heshima: tusimuuzie mtu prosesa wakati anahitaji SSD. Mkulima wa Nanyamba hajui tofauti, anatuamini sisi.

Sasa, wapo ambao Task Manager inawaonyesha kinyume. Disk imetulia, RAM ina nafasi, prosesa iko 100 na haishuki. Hawa ni kama wale vijana wanaohariri video za harusi, waliokaa kule pembeni. Au mwanafunzi anayejifunza kuandika programu. Au mtu mwenye jedwali kubwa la hesabu. Hao wana haki ya kuuliza swali la pili.

Lakini subirini, kabla ya swali la pili kuna joto, na hapa nataka niseme kitu cha huku kwetu.

Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Unaona Task Manager inasema 100, unadhani imefika mwisho wa nguvu, kumbe imejifunga miguu. Mwaka juzi nililetewa laptopu kutoka ghala moja la chama huku vijijini. Mwenyewe alitaka prosesa mpya. Nilipotoa kifuniko cha chini, nikatazama pale feni inapopulizia, kwenye yale mapezi membamba ya kipozajoto. Hakukuwa na mapezi. Kulikuwa na blanketi. Vumbi limeshikana, rangi yake ya manjano hafifu, ukilivuta linatoka kama kipande cha sufi. Nikalisugua kwa vidole, nikanusa. Salfa. Ghala lile ndiko walikohifadhi mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, na meza ya karani ilikuwa hatua nne kutoka kwenye mifuko. Bomba la shaba lilikuwa limegeuka jeusi, maana salfa na shaba hazikai nyumba moja. Nikasafisha, nikapaka pesti mpya. Prosesa ile ile, iliyokuwa inafika digrii 97 kwa kufungua kurasa tatu za intaneti, ikashuka hadi 71. Kasi ikarudi.

Kwa hiyo, makarani wangu, mkirudi makwenu ihamisheni meza. Laptopu na salfa visilale chumba kimoja. Na ninyi wa Shangani, wa karibu na maji, chumvi ya upepo wa bahari inakula skrubu za chini. Nimekutana na skrubu zilizoota kutu hadi kichwa kinapondeka kabla hakijazunguka. Ukiona bisibisi inateleza, acha hapo hapo. Weka kipande cha mpira wa puto kati ya bisibisi na skrubu, kandamiza kwa uzito wa mkono, zungusha polepole. Mara nyingi inakubali.

Haya, swali la pili: prosesa yako inatoka?

Hili ndilo swali ambalo watu wengi hawajui kuwa lipo. Kwenye kompyuta ya mezani, prosesa karibu siku zote imekaa kwenye soketi, unafungua unaitoa. Kwenye laptopu kuna aina mbili. Kuna zilizokaa kwenye soketi, zina pini kwa chini. Na kuna zilizochomelewa kwa risasi moja kwa moja kwenye mazabodi, ambazo hazitoki bila mashine maalumu ya joto na mtu aliyesomea kazi hiyo. Kama yako imechomelewa, mazungumzo ya prosesa yameishia hapo. Funga, nenda kwenye SSD na RAM, au anza kuweka akiba ya laptopu nyingine. Usimsikilize mtu atakayekwambia atainyanyua kwa bunduki ya joto ya kukaushia rangi.

Utajuaje? Anza na jina. Andika kwenye daftari jina kamili la prosesa kama linavyotokea kwenye Task Manager. Tuseme i3-3110M. Tarakimu ya kwanza ya zile nne, hapa 3, ndiyo kizazi. Herufi ya mwisho ndiyo aina. Kwa Intel, kampuni inayotengeneza prosesa hizi, prosesa za laptopu za kutoka kwenye soketi zilikuwepo hadi kizazi cha 4, yaani zile za mwaka 2013 na 2014. Kuanzia kizazi cha 5, mwaka 2015, za laptopu zote zinachomelewa. Kwa hiyo ukiona i5-7200U, usihangaike. Herufi U kwenye vizazi hivi ina maana ya umeme mdogo, na imechomelewa. M, QM na MQ zinakupa matumaini. Nimesema matumaini, si hakika, kwa sababu baadhi ya hizo hizo zilitengenezwa pia za kuchomelewa kwa ajili ya laptopu nyembamba.

Hakika zaidi unaipata kwa programu ndogo ya bure iitwayo CPU-Z. Ukiifungua, tafuta mstari ulioandikwa Package. Ukisoma "988B rPGA", hiyo ni soketi ya kizazi cha 2 na cha 3. Ukiona herufi BGA peke yake, bila ile r na P mbele, imechomelewa. Herufi mbili tatu hizo ndizo zinazotenganisha kazi ya mchana mmoja na hasara.

Nitoe mfano mtakaokutana nao sokoni, maana laptopu zinazokuja hapa mjini zimetumika kwingine na nyingi ni za ofisi. ThinkPad T430, Latitude E6430 na EliteBook 8470p, za mwaka 2012, zote zina soketi. Sasa angalieni hili. ThinkPad T440 na ThinkPad T440p ni za wakati mmoja, kwa mbali zinafanana. T440 imechomelewa. T440p ina soketi. Ni herufi p tu. Kijana mmoja aliniletea prosesa aliyonunua kwa ajili ya T440 yake, imefungwa vizuri, na sikuwa na la kumfanyia.

MacBook za Intel, tangu ya kwanza mwaka 2006, zimechomelewa zote. AMD, kampuni nyingine ya prosesa, nao walikuwa na soketi yao ya laptopu, FS1, kuanzia 2011. Sitaingia huko leo kwa kuwa huku kwetu nyingi ninazokutana nazo ni Intel.

Ukishajua inatoka, bado hujamaliza. Soketi kufanana si ruhusa. Nimewaeleza yaliyonipata na HM70. Kuna na hili: soketi ya kizazi cha 2 na cha 3 ni moja, lakini laptopu nyingi zilizotoka na kizazi cha 2 hazikubali kizazi cha 3, kwa sababu BIOS yake haiijui prosesa hiyo. BIOS ni ile programu ya kwanza kabisa inayoamka unapobonyeza kitufe, na ikikuta mgeni isiyemtambua haifungui mlango. Utapata kioo cheusi. Njia salama ni kutafuta kitabu cha matengenezo cha laptopu yako, ambacho kampuni kubwa za laptopu za ofisi huweka kwenye tovuti zao bure. Humo mara nyingi kuna orodha ya prosesa ambazo modeli hiyo iliuzwa nazo. Chagua ndani ya orodha hiyo. Mtu anayeanza asitoke nje ya orodha hiyo hata kama mtu amemwapia.

Kisha wati. Prosesa i3-3110M, yenye viini viwili, yaani sehemu mbili za kuhesabu ndani yake, imepangiwa wati 35. Ipo i7-3632QM, ina viini vinne, nayo ni wati 35. Hiyo ni ndoa nzuri kabisa, kwa sababu feni na bomba la shaba ulilonalo lilitengenezwa kubeba joto kama hilo. Kuna i7-3740QM, ina nguvu zaidi, lakini ni wati 45. Ukiitia kwenye laptopu yenye bomba jembamba la wati 35 itawaka, itapata joto, itajipunguzia kasi, na utarudi pale pale ulipoanza, na mapaja yako yameungua. Kwenye kizazi cha 4 mambo ni hayo hayo: i7-4702MQ ni wati 37, i7-4700MQ ni 47. Namba zimekaribiana kwa jina, hazifanani kwa joto. Na kama chaja yako ni ya wati 65, huenda ukahitaji ya 90. Angalia maandishi ya chini ya chaja.

Ukinunua, nyingi utakazopata ni za mtumba. Si vibaya, prosesa huzeeka polepole sana. Omba picha ya juu na ya chini. Juu usome jina mwenyewe; ukikuta maneno INTEL CONFIDENTIAL, iache, hiyo ilikuwa ya majaribio ya kiwandani na laptopu nyingi huikataa. Chini ni pini. Ile ya 988 ina pini 988 kweli, nyembamba kama nywele za mswaki, rangi ya dhahabu. Zimulike na tochi ya simu kwa upande, ziangalie kwa mistari kama unavyoangalia mistari ya mikorosho shambani. Iliyopinda itaonekana imetoka kwenye mstari. Pini moja iliyopinda inanyooka: chukua penseli ya kubofya, toa risasi yake, ingiza pini kwenye tundu la ncha, isimamishe taratibu, mara moja tu. Ukiirudisha huku na huku itakatika.

Jambo la mwisho kabla hatujafungua. Kama kuna BIOS mpya kwenye tovuti ya kampuni, iweke ukiwa bado na prosesa ya zamani. Chaja iwe imechomekwa na betri iwe imejaa, vyote viwili. Umeme ukikatika katikati ya kuandika BIOS na betri yako ni mbovu, mazabodi imekufa. Huku kwetu hilo si la kufikirika. Kama betri yako haishiki chaji, usifanye kazi hiyo.

Sasa mikono.

Vifaa ni vichache: bisibisi ya nyota namba 0, bisibisi bapa ndogo, kadi ya plastiki ya kutenganishia vifuniko, mswaki mkavu mpya, spiriti safi ya kusafishia vifaa vya umeme, kitambaa kisichotoa nyuzi, na pesti ya joto ya kweli. Naomba niseme wazi, dawa ya meno si pesti ya joto. Najua wapo walioipaka na laptopu ikapoa siku mbili. Ikikauka inakuwa chaki, na chaki haipitishi joto. Na karatasi kubwa moja: chora juu yake umbo la laptopu, kila skrubu unayotoa ibandike kwa selotepu mahali ilipotoka. Skrubu ndefu ikirudishwa kwenye tundu la skrubu fupi inatoboa mazabodi. Piga picha kwa simu kila hatua.

Iwashe kwanza dakika kumi, pesti ya zamani ilainike. Kisha izime kabisa, si kuilaza. Toa chaja. Toa betri, kama iko ndani, chomoa waya wake kwanza kuliko kitu kingine chochote. Bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 15 umeme uliobaki uishe. Shika chuma kwa mkono mtupu kabla ya kugusa ndani.

Kipozajoto kina skrubu zenye namba, 1 hadi 4 mara nyingi. Kufungua anza na ya mwisho urudi nyuma, kila moja robo mzunguko, zamu kwa zamu. Kurudisha fuata namba zenyewe. Sababu ni kwamba prosesa ya laptopu haina kofia ya chuma juu kama ya mezani. Kile kipande cheusi kinachong'aa katikati ndiyo prosesa yenyewe, tupu, na ukikandamiza upande mmoja kinapasuka pembe. Usivute kipozajoto kwenda juu. Kizungushe kidogo kushoto na kulia hadi uhisi kimeachia.

Utaona pembeni ya soketi skrubu moja bapa, imechorwa kufuli mbili, moja wazi na moja imefungwa. Izungushe nusu mzunguko kuelekea kufuli iliyo wazi. Hapo ndipo wanaoanza wengi hushtuka: prosesa haishikiliwi tena na chochote. Inyanyue wima kwa kingo zake. Tazama pembe moja ina pembetatu ndogo ya dhahabu; soketi nayo ina alama pembeni. Alama ziende pamoja. Ile mpya itue kwa uzito wake wenyewe. Ikikataa, iinue uangalie pini. Mahali pa kusukuma hapapo kabisa katika hatua hii. Kisha funga ile skrubu nusu mzunguko.

Pesti iwe punje moja ya mchele katikati. Watu hupaka kama siagi kwenye mkate. Pesti ni ya kujaza vinyweleo kati ya chuma na chuma. Ikizidi, inakuwa godoro. Rudisha kipozajoto, rudisha waya wa feni. Huo waya wa feni ndio unaosahaulika kuliko vyote.

Ukiwasha mara ya kwanza, kioo kinaweza kubaki cheusi dakika moja au mbili, na laptopu inaweza kujizima na kujiwasha. Inajitambulisha kwa mgeni. Usibonyeze chochote. Ikishawaka, ingia BIOS usome jina la prosesa, kisha weka programu ya kupima joto, uipe kazi nzito nusu saa. Ikikaa juu ya digrii 90 muda wote, zima, fungua, angalia kipozajoto kimekaa sawa. Na ikigoma kabisa kuwaka, rudisha ile ya zamani. Ndiyo maana hatuiuzi ile ya zamani wiki ya kwanza. Ukishindwa, ipeleke kwa fundi na umwambie ukweli wote, ulifungua nini na uligusa nini. Mficha uchi hazai, na fundi anayejua ulipopita anapata jibu kwa nusu ya muda.

Mwalimu mmoja ameniuliza nje, kabla hatujaingia: akibadili prosesa atapata Windows 11? Mwalimu, hapana. Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kwa kawaida kizazi cha 8 kwenda juu, na laptopu za soketi tunazozungumzia zinaishia cha 4. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo anayeweka i7 kwenye laptopu ya 2012 leo aweke na mawazo ya Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Linux Mint inakwenda vizuri kwenye mashine hizi, ni bure, na watoto wa shule hawahitaji zaidi ya hiyo kuandika na kusoma. Ninaijua hesabu yenu. Kama fedha ya prosesa, pesti na chaja inakaribia nusu ya bei ya laptopu ya kizazi cha 8 iliyotumika, nunua hiyo. Kama unayo laptopu nzima, imara, na umepata prosesa kwa bei ndogo, basi ni kazi njema, na utakuwa umejifunza kitu ambacho hakuna atakayekunyang'anya.

Nimeleta laptopu tatu hapa mezani. Mbili zina soketi, moja imechomelewa, na sijawaambia ipi ni ipi. Majina ya prosesa zake nimeyaandika ubaoni. Kaeni watatu watatu, kila kundi liniletee jibu na sababu yake. Bisibisi zitabaki mfukoni mwangu mpaka makundi yote yamejibu. Mwalimu, tafadhali tuzimie hiyo feni ya juu, itatupeperushia karatasi za skrubu.